Kiwiko kilichokakamaa: kifaa hufanya nini, na nini hakiwezi

Nilijua mkono wangu haujapona siku makanga wa matatu ya Donholm aliponirudishia sarafu tatu za shilingi kumi, nikaziangusha zote. Plasta ilikuwa imetolewa asubuhi ile ile. Niliutoa mkono wa kulia kama nilivyoutoa maisha yangu yote, lakini kiganja kiligoma kutazama juu. Kilisimama wima kama cha mtu anayetaka kupasua tofali kwa karate, pesa ikapita kando. Mama aliyekaa karibu nami akaziokota. "Pole, baba," akasema, akanifungia sarafu ndani ya ngumi kama mtoto anayetumwa dukani.

Jioni ukaja ugali. Kukata tonge niliweza. Kulifikisha kinywani ndiko kulikonishinda. Ilibidi kichwa kishuke kulifuata tonge lilipo, na binti yangu alicheka mpaka akapaliwa.

Niliumia mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimepamba moto. Niliteleza nikishuka gari ambalo halijasimama sawasawa, nikajikinga kwa kiganja, na uzito wote ukapanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Eksirei ilionyesha ufa mdogo. Daktari alinifunga plasta akaniagiza nirudi baada ya wiki mbili. Sikurudi. Karo ilikuwa inasubiri Januari, tukaenda nyumbani Krismasi, na nikajiambia kwamba mfupa ukikaa kwenye plasta muda mrefu zaidi utapona zaidi. Kwa hiyo plasta iliyostahili wiki mbili ilikaa karibu sita. Kosa ni langu, na nimeandika makala haya kwa sababu nimekutana na watu wengi mno waliofanya hesabu kama yangu, kisha wakakimbilia kununua kifaa bila kujua kifaa hicho hasa hufanya kazi gani.

Tuanzie ndani. Kiwiko, au kisugudi ukipenda, huonekana kama bawaba ya mlango, kumbe ni viungo vitatu vilivyofungwa katika mfuko mmoja. Mfupa wa mkono wa juu hukutana na ulna, ule mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, na hapo ndipo mkono hukunjwa na kunyooshwa. Hukutana pia na rediasi, mfupa wa upande wa dole gumba, ambao kichwa chake ni cha mviringo kama kifuniko cha soda. Hicho ndicho nilichokitia ufa. Halafu rediasi na ulna hukutana zenyewe kwa zenyewe, na hapo rediasi huzunguka kando ya mwenzake ili kiganja kitazame juu kupokea chenji au chini kugeuza chapati. Mifupa hii imeshikana kuliko ya bega, haina nafasi ya kuchezacheza. Na msuli mmoja wa kukunja mkono umelala moja kwa moja juu ya mfuko wa kiungo, bila hata kitambaa katikati, kwa hiyo damu ikivuja hapo, msuli na mfuko huanza kugandana.

Mfuko wenyewe hubeba maji kidogo sana, mililita ishirini na kitu ukijazwa. Kiwiko kikiumia, damu na maji huujaza, nao mkono hutafuta mkao ambao mfuko una nafasi kubwa zaidi. Mkao huo ni kukunja kiasi cha digrii 70 hadi 80. Mtazame mtu yeyote aliyeumia kiwiko akisubiri kwenye benchi la hospitali: ameubana mkono tumboni, umekunjwa nusu, na hakuna aliyemfundisha. Tatizo ni kwamba mwili hushona pale pale ulipo. Nyuzi za kolajeni, zile zinazojenga kovu, hupangwa ovyo, seli za kovu hujikaza zenyewe, mfuko hunenepa na kusinyaa hadi haubebi hata nusu ya ulichokuwa unabeba. Ndiyo maana madaktari wa mifupa huogopa kukifunga kiwiko zaidi ya wiki tatu pale inapowezekana kuepuka. Goti husamehe. Kiwiko kina kinyongo.

Nilipofika kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, dada mmoja mpole mwenye vidole vya chuma, kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa kipimapembe: mikono miwili ya plastiki iliyounganishwa katikati na duara lenye namba, kaka mkubwa wa kile cha mkebe wa jometri. Aliuweka mkono mmoja wa kifaa juu ya mkono wangu wa juu na mwingine kwenye kigasha, ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, akasoma. Ili kuunyoosha, nilikuwa nakosa digrii 45. Ili kuukunja, nilifika 95 nikakwama. Kiwiko kizima huanza sifuri, mkono ukiwa umenyooka kabisa, hadi 140 na ushee. Mimi nilikuwa na digrii 50 tu za kuishi nazo.

"Hatutafuti zote," akaniambia. "Tunatafuta za kukulisha na za kukuvisha."

Alikuwa akisema jambo ambalo lina historia. Mwaka 1981, Bernard Morrey na wenzake wa Mayo Clinic huko Marekani waliwapima watu wazima wenye viwiko vizima wakifanya kazi za kawaida kama kula, kunywa, kufungua mlango na kujisafisha. Wakakuta kwamba kazi nyingi huhitaji kutoka digrii 30 hadi 130, pamoja na digrii 50 za kugeuza kiganja juu na 50 za kukigeuza chini. Namba hizo zimekuwa dira ya wataalamu tangu wakati huo, ingawa zilipatikana kabla ya simu za mkononi. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba kushika simu sikioni hutaka kukunja hadi karibu 140. Niliamini bila kubisha. Miezi mitatu mfululizo nilipokea simu kwa spika, na ploti nzima ikajua ninadaiwa na nani.

Sasa, mtu akisikia kovu limebana, wazo la kwanza ni kulivunja. Shangazi yangu alikuja kutoka kijijini na chupa ya mafuta na nia njema kabisa. "Mwanangu, huu unataka kukandwa vizuri kisha uvutwe mara moja," akasema. "Utalia, lakini utalia siku moja." Kukanda ngozi na misuli kwa upole hakuna ubaya, na joto lake husaidia. Hatari iko kwenye hiyo sehemu ya pili. Kovu likichanwa kwa nguvu huvuja damu, damu huleta uvimbe, na uvimbe hushona kovu jipya lililo nene kuliko lile la kwanza. Tena kiwiko kina tabia mbaya ambayo viungo vingine havina kwa kiasi hicho: kikichokozwa, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, mahali ambapo hapastahili kuwa na mfupa. Wanaofanya kazi kwenye idara za mifupa wanawajua wagonjwa hawa. Walianza na kiwiko kigumu, wakavutwa, wakarudi na kiwiko ambacho eksirei yake inaonyesha wingu jeupe mbele ya kiungo. Shangazi nilimshukuru, mafuta nikayachukua, mkono nikauficha.

Ila tusiwaonee waunga mifupa wa kienyeji, wale wanaovuta viungo kwa mikono, peke yao, kwa sababu hospitali nazo zimewahi kukosea upande wa pili. Hugh Owen Thomas, daktari wa Wales wa karne ya 19 aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa, alihubiri mapumziko ya kiungo yasiyokatizwa na ya muda mrefu. Alikuwa sahihi kwa mengi, na gango lenye jina lake, yaani kifaa cha kukishikilia kiungo au mfupa katika mkao, bado hufungwa kwenye mapaja yaliyovunjika. Lakini wazo la kupumzisha kila kitu lilitawala hadi kiungo kikawa kinapona mfupa na kufa mwendo. Aliyeligeuza ni Robert Salter wa Toronto, Kanada. Kuanzia mwaka 1970 alifanya majaribio kwa sungura, akaonyesha kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, lililojeruhiwa hupona vizuri zaidi kiungo kikiendelea kusogezwa polepole kuliko kikifungwa. Kutokana na kazi yake zikaja mashine za kusogeza kiungo bila mgonjwa kutumia nguvu zake.

Mashine hizo ndizo kundi la kwanza la vifaa, na nitazipitia haraka kwa sababu wengi wetu hatutazigusa. Mkono hulazwa juu ya chombo chenye mota, nacho huukunja na kuunyoosha kwa saa nyingi, taratibu. Hutumika hasa siku na wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kusudi lake likiwa kusukuma maji na damu vitoke kwenye kiungo kabla havijaganda. Ni mashine kubwa na ya gharama, na haijengi nguvu hata chembe, maana msuli wako umelala wakati mota inafanya kazi. Anayekuuzia mashine ya namna hiyo kwa kiwiko kilichokakamaa miezi minne iliyopita anakuuzia mwavuli baada ya mvua.

Kundi la pili ni lile lililonila pesa. Katika duka moja la katikati ya jiji nilinunua kifaa chenye vyuma viwili vya pembeni, velkro nne, na bawaba yenye duara la namba. Kilifanana na picha nilizoziona kwenye simu, na muuzaji aliapa kwamba "kinarudisha mkono". Nikakivaa wiki mbili, mchana na usiku. Hakuna digrii hata moja iliyoongezeka. Fizio alipokiona alikizungusha mkononi, akanionyesha vipini vidogo kwenye bawaba. Vile huwekwa ili mkono usivuke mpaka fulani. Kifaa kile ni cha kulinda, kwa mfano baada ya kiwiko kuteguka, pale daktari anapotaka mkono ukunjwe lakini usinyooke kupita digrii 30 kwa wiki za mwanzo. Kinazuia mwendo. Mimi nilikuwa nimekilipia kilinde ugumu wangu usitoroke.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza swali moja la kijinga: kifaa hiki kinausukuma mkono wangu uelekee upande ule usiotaka kwenda, au kinauzuia tu? Kama hakina springi, skrubu wala mota ya kusukuma, hakivuti kovu. Na yale mikanda membamba ya chini ya kiwiko yanayouzwa kila mahali ni ya maumivu ya kano, ya mafundi na wachezaji tenisi. Hayana uhusiano na ugumu.

Kundi la tatu ndilo la kukaa nalo, kwa sababu hapa ndipo kiwiko kilichokakamaa hurudi. Ni magango ya kuvuta, nayo yako ya aina mbili. Tofauti yake niliielewa jikoni.

Chukua unga wa chapati uliokandwa sasa hivi. Uvute kwa pupa, utarudi ulipokuwa, na ukizidi utachanika. Uvute kidogo, uushikilie pale pale bila kuongeza, subiri. Utahisi unavyolegea chini ya vidole, ule mvutano unakufa wenyewe. Sasa ongeza kidogo tena. Hivyo ndivyo linavyofanya kazi gango la skrubu. Unauweka mkono kwenye mpaka wake, unazungusha kipini hadi uhisi unavutwa bila kuumia, unaacha. Baada ya dakika tano mvutano umepungua, unazungusha tena kidogo. Kwa kawaida huwa ni nusu saa kwa mkao mmoja, mara mbili au tatu kwa siku.

Aina ya pili ni ya springi, nayo mfano wake ni sweta ya shule iliyoanikwa ikiwa imelowa. Hakuna aliyeivuta, lakini uzito wa maji umening'inia usiku kucha na asubuhi mikono ya sweta imefika magotini. Springi husukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma, kwa hiyo gango hili huvaliwa saa nyingi, mara nyingi usiku wa kulala.

Lipi bora? Madaktari wamelijaribu swali hilo vizuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 66 wenye viwiko vilivyokakamaa baada ya jeraha waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine springi, wengine skrubu. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa yameongeza takriban digrii 40 za mwendo, na hata kufikia mwaka hakukuwa na mshindi. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kovu halijali chuma kimetengenezwa vipi. Linahesabu muda uliokaa umevutwa kwenye mpaka wake, na linaupokea muda huo kwa mafungu yoyote utakayolipa. Chagua kile utakachokivaa kweli. Mtu asiyelala vizuri asinunue cha usiku. Mama mboga ambaye hana nusu saa ya kukaa bure mchana asinunue cha skrubu.

Jambo hili la muda ndilo linaloeleza pia kwa nini kifaa cha nyumbani kina maana hata kama fizio wako ni hodari. Wiki ina saa 168. Mimi nilikuwa namwona fizio mara mbili kwa wiki, na ukiondoa foleni na salamu, mikono yake ilikuwa juu ya mkono wangu chini ya saa moja. Hizo nyingine 167 kovu lilikuwa likijikaza bila mpinzani.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, taulo iliyochovywa kwenye maji moto ikakamuliwa, dakika kumi juu ya kiwiko. Halafu gango la skrubu upande wa kukunja, nusu saa, nikisikiliza habari redioni. Jioni upande wa kunyoosha. Baada ya kila kikao, na hapa wengi huteleza, dakika tano au kumi za kuusogeza mkono kwa nguvu zangu mwenyewe ndani ya zile digrii mpya, kufuta meza, kusuka kamba hewani, chochote. Digrii uliyopewa na skrubu ambayo msuli haujaitembelea hupotea kabla ya chai ya saa nne. Mwanzoni unapata kumi asubuhi unapoteza nane jioni. Hilo linakatisha tamaa lakini ni kawaida, kwa sababu siku za kwanza kovu limenyooka tu kama mpira. Mabadiliko ya kweli ni ya seli kuzipanga upya zile nyuzi, na seli hufanya kazi kwa wiki na miezi.

Binti yangu aliteuliwa kuwa karani. Kila Jumapili alinipima kwa kipimapembe chake cha shule, akaandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Kati ya wiki ya saba na ya tisa namba hazikusogea kabisa, akadhani anasoma vibaya. Wiki ya kumi zikaruka.

Maumivu nayo yana lugha yake. Kuvutwa kunakochosha na kuisha ndani ya saa moja baada ya kuvua, endelea. Kiwiko kikiamka kimevimba na kina joto, ulizidisha jana, punguza, usiache. Lakini kuna ishara moja ambayo haina majadiliano. Nyuma ya kiwiko upande wa ndani hupita mshipa wa fahamu uleule unaokupiga shoti ya umeme ukigonga kiwiko mezani. Mkono ukikunjwa sana, mshipa huo hunyooshwa na kubanwa. Ukivaa gango la kukunja na kidole cha mwisho na cha pete vikaanza ganzi au kuwashwa, legeza skrubu wakati huo huo, na ukirudia kuhisi hivyo mwone mtaalamu. Kovu linaweza kusubiri, mshipa hausubiri. Vivyo hivyo kama mwendo unapungua badala ya kuongezeka ilhali unajituma, na kiwiko kina joto: huenda ndiyo ile mifupa inayoota msulini, na inahitaji eksirei.

Eksirei pia ndiyo inayokuambia kama kifaa kina kazi yoyote hapo. Mtaalamu akiusukuma mkono wako mwishoni, husikiliza kwa vidole. Ukigota taratibu kama mtu anayevuta mkanda wa ngozi, ni kovu, na kovu hujadilika. Ukigota ghafla kama mlango uliogonga jiwe, ni mfupa, au skrubu ya upasuaji iliyojitokeza. Hapo gango litavunja mkono kabla ya kuukunja. Kwa waliokwama kwenye kovu, kwa kawaida hupewa miezi sita hivi ya jitihada kabla ya kuzungumzia upasuaji wa kuufungua mfuko. Na ukishafanyiwa huo upasuaji, magango yanarudi pale pale. Hakuna njia ya kulikwepa.

Mpaka sasa sijasema neno kuhusu nguvu, na nimefanya hivyo makusudi. Mwendo na nguvu ni madeni mawili ya wadai wawili, na kifaa kinacholipa moja hakigusi lingine. Gango halijengi msuli. Dambeli hainyooshi kovu. Nilimwona kijana mmoja kwenye chumba cha fizio, mwendesha boda boda, aliyekuwa akinyanyua vyuma kwa kiwiko kilichokwama nusu. Alikuwa anautia nguvu msuli ule ule unaozuia mkono kunyooka.

Kwanza ujue mzigo wenyewe. Msuli wa mbele ya mkono, ule unaotunishwa na vijana wa jimu, umejishikiza kwenye kigasha sentimita nne au tano tu kutoka kwenye kiungo. Kiganja kiko sentimita thelathini na tano hivi. Mkono ukiwa umekunjwa pembe mraba, kigasha chenyewe kitupu kinaudai msuli nguvu ya takriban kilo tano. Weka chupa ya maji ya nusu lita kiganjani, zinaongezeka kama kilo nne. Ndiyo maana fizio alinianzisha bila chupa, nami nikadhani ananidharau. Nilitetemeka kwa kuunyanyua mkono mtupu mara kumi.

Ngazi zinapandwa hivi. Mwanzo ni kukaza bila kusogea: unasukuma kiganja cha mkono mzima, nacho kinakuzuia, sekunde tano hadi kumi. Hilo mara nyingi huruhusiwa mapema kwa sababu kiungo hakisogei, lakini daktari ndiye anayejua kilichoshonwa ndani. Kama ulivunjika ile ncha ya nyuma ya kiwiko ikafungwa kwa waya, msuli wa nyuma huivuta ncha hiyo kila unaposukuma kitu, kwa hiyo kusukuma kunakatazwa wiki za mwanzo. Kama ulishonwa kano la msuli wa mbele, kinyume chake. Baadaye huja kuunyanyua mkono dhidi ya uzito wake, kisha mpira wa mazoezi. Mpira mzuri ni ule mpana wa rangi rangi, lakini kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye kitasa cha mlango kilinitosha. Vyuma hufuata mfupa ukishaonekana umeunga, mara nyingi wiki ya sita hadi ya nane. Seti mbili au tatu za mara kumi hadi kumi na tano, siku mbili au tatu kwa wiki, na unaposhusha shusha polepole kuliko ulivyopandisha.

Wiki tatu au nne za kwanza utahisi nguvu zimeongezeka ilhali mkono bado mwembamba. Hujidanganyi. Ubongo ndio unajifunza kwanza kuiamsha misuli iliyosahauliwa, unene unakuja baadaye. Pia usiusahau msuli wa nyuma. Kila mtu hukimbilia wa mbele kwa sababu unaonekana kwenye kioo, lakini kuinuka kwenye kiti, kufungua mlango wa matatu na kusukuma mkokoteni ni kazi ya wa nyuma. Kuna pia vifaa vya umeme vya kubandika ngozini vinavyoukaza msuli kwa shoti ndogo. Vina msaada pale msuli unapogoma kabisa kuamka, lakini havichukui nafasi ya kukaza mwenyewe.

Aliyepooza mkono kwa kiharusi, hadithi yake ni nyingine kabisa, na asisome makala haya kama maagizo. Kiwiko chake kinaweza kuwa kizima. Kilichokatika ni ujumbe kutoka kwenye ubongo, na misuli ya kukunja hujikaza bila kuamriwa. Vifaa vyake ni tofauti, vikiwemo vile vinavyonasa umeme hafifu wa msuli na kuusaidia kwa mota.

Kuhusu kupata gango hapa Nairobi: usikimbilie cha kuagizwa. Hospitali kubwa za umma, Kenyatta ikiwemo, zina idara za tiba ya shughuli (occupational therapy), na wataalamu wa huko hutengeneza magango kwa mkono wako mwenyewe. Wanachovya bamba la plastiki kwenye maji moto hadi lilainike kama chapati, wanalifinyanga juu ya mkono, likipoa linashika umbo. Langu lilitengenezwa hivyo, mbele yangu, likaongezewa skrubu iliyofanana na zile za kukazia waya wa ua. Fundi wa jua kali wa Kamukunji angeweza kuitengeneza skrubu hiyo akiwa amefumba macho, lakini chuma kinachobana ngozi kwa nusu saa kinahitaji mtu anayejua mshipa uko wapi. Fizio naye uliza kama amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Anayestahili hakasiriki ukimuuliza.

Na kama pesa haipo kabisa, kuna njia ambayo fizio wangu huwapa wengi wanaoshindwa kunyoosha. Lala chali kitandani, taulo iliyokunjwa chini ya mkono wa juu, kigasha kining'inie nje ya kitanda, kiganja kitazame juu. Funga chupa ya nusu lita kwenye kifundo cha mkono kwa leso. Dakika kumi hadi kumi na tano. Ile sweta iliyolowa, ndiyo hiyo.

Kuacha kifaa nako kuna utaratibu. Niliacha kikao kimoja, nikaendelea kupima kila Jumapili kwa mwezi, kisha nikaacha kingine. Mwezi Juni nilikuwa nakosa digrii 15 kunyoosha na nakunja hadi 135: tonge linafika, chenji inapokelewa, simu bado naisogelea kidogo kwa shingo. Julai, baridi ya Nairobi ikiwa ile ya kuvaa soksi kitandani, karani wangu aliandika kukunja 122 tu kwa wino mwekundu akaipigia mstari mara mbili. Nikarudi kwenye skrubu wiki tatu, asubuhi tu. Sasa gango liko juu ya kabati, skrubu yake imepakwa mafuta ya cherehani.